Majina Ndani ya Fanksheni

Ukitaka kumpima fundi wa hifadhidata, soma majina anayoyapa parameta za fanksheni zake. Katika PL/pgSQL, lugha ya ndani ya PostgreSQL, zamani parameta zilitambulika kwa nafasi tu: $1, $2, $3. Hadi lilipotoka toleo la 8.0 mwaka 2005, aliyetaka jina alilitangaza mwenyewe kwa ALIAS, parameta moja baada ya nyingine. Waliojali walifanya hivyo bila kuchoka, maana ukichomeka parameta mpya katikati, namba zote zinazofuata zinasogea.

Majina yalipokuja, yalikuja na mtego wake. Chukua fanksheni futa_oda yenye parameta mteja_id, na jedwali la oda lenye safu ya jina hilohilo. Ndani yake kuna agizo la kufuta kila oda ambayo mteja_id = mteja_id. Ni ipi safu, ni ipi parameta? Katika Oracle, safu ndiyo hushinda. Katika PL/pgSQL ya zamani ilishinda parameta. Ajabu ni kwamba kwa vyovyote vile kitu kinalinganishwa na chenyewe, na oda za wateja wengine wote zinafutika pamoja na za huyo mmoja. Toleo la 9.0, la mwaka 2010, likaamua vizuri: jina likiwa na utata, agizo linakataliwa na kosa linatajwa. Naupenda sana uamuzi huo, kwa kuwa unakataa kubahatisha juu ya data ya watu.

Wengi hukwepa mtego kwa kutanguliza p_ kwenye jina. Inatosha. Lakini mwandishi ninayemvulia kofia huandika futa_oda.mteja_id, jina la fanksheni likiwa mbele, na msomaji haulizi tena.

Toleo hilohilo la 9.0 liliruhusu pia kuita fanksheni kwa majina ya parameta. Tazama hamisha_fedha(kutoka => 1024, kwenda => 2048, kiasi => 50000): namba tatu ambazo zingeweza kupishana bila mtu kushtuka, sasa kila moja inajieleza. Tangu hapo jina si la ndani tena. Ukijaribu kulibadilisha kwa CREATE OR REPLACE, PostgreSQL inakukatalia; sharti uifute fanksheni, uiunde upya, kisha uzipitie programu zote zinazoiita kwa jina la zamani.