Athari ya Brashi ya Kichina katika Picha za Mafuta za Zao Wou-Ki

Mengi yameandikwa juu ya kazi za Zao Wou-Ki, aliyezaliwa Beijing mwaka 1920 na kufariki Uswisi mwaka 2013, na karibu kila mwandishi husema kwamba ndani ya picha zake mna Uchina. Usemi huo si wa uongo, ila haufai kitu mpaka ionyeshwe ni kipi hasa kilicho cha Kichina, na kimekaa mahali gani. Katika lugha, maneno ya kigeni huonekana upesi; sarufi iliyoyapokea haionekani upesi. “Safiri” ina asili ya Kiarabu, lakini “walisafirishwa” ni umbo ambalo Mwarabu hawezi kulidai kuwa lake.

Wahakiki wengi huishia kwenye maneno. Huitaja picha ya mwaka 1954 iitwayo “Vent”, yenye alama nyeusi mfano wa maandishi ya kale yaliyochongwa juu ya mifupa na magamba ya kobe. Alama hizo hazisomeki. Picha ni nzuri, lakini lau athari ya Uchina ingekoma hapo, ingekuwa pambo tu, kama desturi ya mtu anayechanganya maneno mawili matatu ya kigeni ili ajulikane kuwa amevuka bahari.

Athari yenye nguvu imo mkononi. Mchoraji wa wino hushika brashi wima, na karatasi yake hunywa wino papo hapo, wala kosa halifutiki. Hivyo mpigo hauna budi kuwa umekwisha kuamuliwa kabla ya ncha kugusa karatasi. Xie He, aliyetunga kanuni sita za uchoraji yapata miaka 1,500 iliyopita, aliilinganisha nguvu ya mpigo wa namna hiyo na mfupa. Rangi ya mafuta ina tabia ya kinyume kabisa: hukauka polepole, hukwanguliwa, hupakwa upya, na humsamehe mchoraji kila siku. Zao, ambaye alikuwa amejifunza kuitumia huko Hangzhou kabla ya kufika Paris mwaka 1948, aliizimua kwa tapentaini hata ikakaribia wepesi wa wino, na katika picha zake bora za miaka ya 1960 aliitumia kana kwamba haina msamaha. Mtazamaji aweza kuufuata mpigo pale unapoanza, unapogeuka, hata pale brashi inapokauka na kuacha michirizi ya rangi iliyo chini. Michirizi hiyo mabingwa wa mwandiko wa Kichina huiita “nyeupe irukayo”.

Jambo gumu zaidi ni utupu. Katika picha ya wino, ukungu na maji mara nyingi ni karatasi yenyewe. Mchoraji huacha, hapaki. Katika mafuta kuacha hakutoshi, kwani turubai tupu huonekana kama kazi isiyokwisha. Zao alilazimika kuupaka utupu, tabaka juu ya tabaka za nyeupe na kijivu, na kwa kuivunja kanuni hiyo akaitii zaidi kuliko wale walioiga tu milima na mianzi.

Yafaa kukumbuka kwamba wino wenyewe aliukwepa kwa miaka mingi, akichelea kuitwa mchoraji wa vitu vya Kichina. Aliurudia mwaka 1971, wakati mkewe alipokuwa mgonjwa, kwa kuhimizwa na rafiki yake, mshairi Henri Michaux. Tangu hapo rangi yake ya mafuta ilizidi kuwa nyembamba. Faida yake ni nafasi na pumzi. Hasara yake haisemwi mara nyingi, nayo ni kwamba baadhi ya picha kubwa za uzeeni ni ukungu usio na mfupa. Wu Guanzhong, aliyesoma Hangzhou na Paris vilevile, kisha akarudi Uchina mwaka 1950, hakupatwa na hasara hiyo: katika ukungu wake daima mna ukuta, paa au tawi la kuushika mpigo.