Mtu Aliyejificha Ndani ya Manyoya

Katika nyumba zetu nyingi mna uwongo mmoja ambao hatuuhesabu kuwa ni uwongo. Babu hufariki, jeneza hutoka mlangoni, na mtoto wa miaka mitano aulizapo, "Babu yuko wapi?" huambiwa, "Amesafiri, atarudi." Twasema hivyo kwa huruma. Lakini mtoto hungoja. Kila mlango ubishwapo hukimbia kutazama. Na siku aijuapo kweli huwa amefikwa na misiba miwili badala ya mmoja: amempoteza babu yake, na amepoteza imani aliyokuwa nayo juu ya maneno ya wakubwa.

Nimeanza na jambo hili kwa sababu nataka kumzungumza mchezaji mmoja wa Marekani ambaye kazi yake, ukiitazama vizuri, ilikuwa ni jibu kwa uwongo huo. Jina lake ni Caroll Spinney. Aliwachezea watoto katika televisheni kwa karibu miaka 50, tangu 1969 mpaka 2018, na mamilioni waliompenda hawakuujua uso wake, kwani alikuwa ndani ya karagosi.

Kipindi alichokitumikia chaitwa Sesame Street. Kilianza kuonyeshwa tarehe 10 Novemba 1969. Waasisi wake, Bibi Joan Ganz Cooney na Bwana Lloyd Morrisett, walikuwa na nia iliyo wazi. Waliona kuwa watoto wa maskini wa mijini huingia shule wakiwa wamekwisha achwa nyuma na wenzao. Wakataka watoto hao wafundishwe herufi na hesabu nyumbani mwao, kwa chombo kile kile kilichozoea kuwauzia vitu vitamu na vya kuchezea. Wakawakusanya walimu, wataalamu wa elimu ya nafsi na watungaji wa vichekesho, wakamwita na Jim Henson alete makaragosi yake. Henson ndiye aliyemchukua Spinney, baada ya kumwona katika mkutano wa wachezesha makaragosi uliofanyika Salt Lake City mwaka ule ule.

Spinney, aliyezaliwa Waltham katika jimbo la Massachusetts tarehe 26 Desemba 1933, alikabidhiwa viumbe wawili. Wa kwanza ni Big Bird, yaani Ndege Mkubwa, mwenye manyoya ya manjano na kimo cha futi 8 na inchi 2. Wa pili ni Oscar, mnunaji akaaye ndani ya pipa la taka, apendaye uchafu na achukiaye furaha ya jirani.

Kabla hatujaihukumu kazi yenyewe, yafaa tujue ilikuwa ni taabu ya namna gani. Mchezaji alisimama ndani ya mwili wa Ndege, mkono wa kulia ameuinua juu ya kichwa chake, kwani kiganja chake ndicho kilichofungua na kufunga mdomo, na kidole cha mwisho ndicho kilichopepesa kope. Mkono wa kushoto uliingia katika bawa la kushoto, na bawa la kulia liliunganishwa nalo kwa uzi wa kuvulia samaki. Nje hakuona kitu. Kifuani alifungiwa televisheni ndogo iliyomwonyesha picha ile ile iliyochukuliwa na kamera, na maneno ya mchezo aliyabandika humo ndani ayasome. Basi alitembea, akaimba, akateleza kwa viatu vya magurudumu, akijitazama kama watu wengine wamtazamavyo, wala asiione ardhi aikanyagayo. Ujira wa mwaka wa kwanza ulikuwa mdogo hata akakaribia kuacha. Kermit Love, fundi aliyemshona Ndege, ndiye aliyemsihi avumilie kidogo zaidi.

Lakini taabu peke yake si sifa. Hamali naye hutaabika. Sifa ya Spinney naiona katika uamuzi mmoja alioufanya mapema. Katika michezo ya mwanzo Big Bird aliandikwa kuwa mshamba mpumbavu, wa kujigonga vichwa na kuchekwa. Spinney akasema: na awe mtoto. Wenzake wakakubali, na tangu hapo Ndege akawa mtoto wa kiasi cha miaka sita.

Je, yaonekana jambo dogo? La hasha! Kosa la mpumbavu huishia katika kicheko. Kosa la mtoto huwa ni mlango wa kujua. Big Bird alipoziona herufi zote za alfabeti akadhani ni neno moja refu, akahangaika kulitamka, yule mtoto wa miaka minne aliyekaa mbele ya televisheni hakumcheka kama amchekavyo mwehu. Alimwona mwenzake, na pengine alijua kuliko yeye, akafurahi kumsahihisha. Mwalimu aliyejifanya mwanafunzi alikuwa amekwisha mpandisha mwanafunzi akawa mwalimu. Sijui njia ya kufundisha iliyo na adabu kuliko hiyo.

Uamuzi huo ulijaribiwa mara mbili, na kila mara suala lilikuwa moja: je, mtoto astahili kuambiwa kweli, na neno lake lastahili kusadikiwa?

Mara ya kwanza ni msiba. Mwenye duka wa mtaa ule, Mzee Hooper, alichezwa na Will Lee, aliyekuwamo tangu siku ya kwanza. Will Lee alifariki tarehe 7 Desemba 1982. Watengenezaji wangaliweza kumtia mzee mwingine katika aproni ile, au kusema kwamba Hooper amehamia mji wa mbali, yaani lile lile la "amesafiri". Waliwauliza wataalamu wa watoto, kisha wakachagua kusema kweli. Mchezo ulionyeshwa tarehe 24 Novemba 1983, siku ya sikukuu ya Shukrani, ili wazazi wawe nyumbani watoto wao watakapouliza.

Katika mchezo huo Big Bird amewachora rafiki zake wakubwa, na anamgawia kila mtu picha yake. Picha hizo Spinney alizichora kwa mkono wake mwenyewe. Moja ikabaki, ya Mzee Hooper. Ndege asema atampa atakaporudi. Wakubwa wanamkumbusha: Mzee Hooper amekufa, na aliyekufa harudi. Ndege auliza kama kila mtoto aulizavyo: nani atamtengenezea chakula akipendacho, nani atamhadithia hadithi? Halafu akasirika, ataka kujua kwa nini iwe hivyo. Na jibu apewalo halikupambwa: iko hivyo kwa kuwa iko hivyo.

Tazama sasa ufundi wa mchezaji. Uso wa karagosi haununi wala haulii. Spinney alikuwa na sauti tu, kope, na kuinama kwa kichwa kile kikubwa. Hakupiga kelele, hakujitupa chini. Aliiacha sauti iwe ndogo, akanyamaza pale panapostahili kunyamazwa. Wachezaji waliomzunguka walikuwa wamempoteza mwenzao wa miaka 13, na machozi tuyaonayo machoni mwao si ya mchezo. Hata mwisho Ndege alitamka jina la mzee vibaya, kama alivyozoea siku zote, na mara hii ikawa ni kumbukumbu wala si kichekesho. Nimeona michezo mingi ya watu wazima juu ya mauti. Michache inaufikia huu katika unyofu.

Mara ya pili ni ushahidi. Tangu 1971 Big Bird alikuwa na rafiki aitwaye Snuffleupagus, mnyama mkubwa mwenye mkonga. Kila wakubwa walipokuja, mnyama alikuwa amekwisha ondoka. Nao wakasema ni ndoto za mtoto tu. Watazamaji walimwona, wakubwa hawakumwona. Kichekesho hicho kilidumu miaka 14. Kisha watengenezaji wakashtuka. Wakati huo habari za watoto wanaodhulumiwa na watu wazima zilikuwa zimeanza kusemwa hadharani. Wakajiuliza: mtoto aonaye kila siku kwamba Ndege asema kweli na hasadikiwi, je, yeye akifikiwa na shari atathubutu kusema? Basi tarehe 18 Novemba 1985 wakubwa walimwona yule mnyama kwa macho yao, wakakiri kwamba Big Bird alikuwa mkweli muda wote.

Hapa nawapa haki yao, na papo hapo nawalaumu: walikiacha kicheko hicho kidumu mno. Lakini wangapi kati yetu hukubali kukiua kichekesho chenye faida kwa sababu kinamdhuru mnyonge mmoja asiyejulikana?

Yuko atakayeuliza: mtu aliyejificha ndani ya manyoya, akisema kwa sauti isiyo yake, si naye anawadanganya watoto? Nimelifikiri sana swali hili. Jibu langu ni kwamba mchezo si uwongo maadamu lile linalopandwa moyoni kwa mchezo huo ni kweli. Mtoto hakuambiwa jambo la batili juu ya mauti, wala juu ya herufi, wala juu ya jirani. Ama yule asemaye "amesafiri", uso wake u wazi na neno lake ni batili. Kipi bora katika hivyo viwili?

Wako pia wazazi wanaomlaumu Oscar, wasema awafunza watoto ufidhuli. Mimi simwoni hivyo. Mtaa mzima wamjua Oscar kuwa ni mkali, wala hawakumfukuza, wala hawakumwiga. Sauti yake Spinney aliipata kwa dereva wa teksi wa New York aliyempeleka kazini. Ndege mpole na mnunaji wa pipani walitoka katika koo moja. Mwenye busara ataona hapo picha ya nafsi yake mwenyewe.

Lakini haki yatutaka tuzitaje na kasoro. Kipindi kilichoanzishwa kuwaokoa watoto mikononi mwa wauzaji nacho kiliingia sokoni, kikajaza maduka vikaragosi. Tena mwaka 2015 wenye kipindi walifanya mkataba na kampuni ya HBO, na kuanzia Januari 2016 michezo mipya ikawafikia kwanza watoto wa wenye kulipa, na wengine wakangoja miezi tisa. Chombo kilichofanywa kwa ajili ya maskini kikampa tajiri zamu ya kwanza! Hilo halikuwa amri ya Spinney, lakini ni doa katika nguo aliyoivaa.

Naye hakupendelewa siku zote. Elmo, karagosi dogo jekundu, alipopendwa mno na watoto wadogo, na tangu 1998 akapewa sehemu yake maalumu kila mwisho wa kipindi, nafasi ya Ndege ilipungua. Spinney hakuondoka. Jim Henson alipofariki mwezi wa Mei 1990, Spinney ndiye aliyesimama kanisani mbele ya waombolezaji akiwa ndani ya Ndege, akaimba wimbo wa chura wa Henson. Mwaka 2015, mwili uliposhindwa kusimama sawasawa, alimwachia mavazi Matt Vogel, aliyejifunza kwake kwa miaka mingi, akabaki kutoa sauti. Mwaka 2018 aliacha kabisa, na tarehe 8 Desemba 2019 akafariki akiwa na umri wa miaka 85.

Waarabu walipokitaka kipindi hiki kwa watoto wao, wakakianzisha Kuwait mwaka 1979 kwa jina la Iftah Ya Simsim, hawakumhamisha Ndege. Walimbuni Nu'man, mwenye sura ya kingamia, akisema Kiarabu fasihi ambacho watoto wa nchi nyingi waliweza kukifahamu. Walielewa kwamba kinachoazimwa ni ule uamuzi wa kumheshimu mtoto; manyoya kila watu wajishonee.

Leo watu wengi watengenezao mambo ya watoto huweka nyuso zao mbele na mtoto nyuma. Spinney aliuficha wake, mtoto akaonekana. Nasi hatuna haja ya kuvaa manyoya ili tumfuate. Siku mtoto atakapouliza, "Babu yuko wapi?" na tumketishe karibu, tumshike mkono, tumwambie.