Anuarite: Kati ya Mapisi na Kisakale

Katika masimulizi ya kidini ya mashariki mwa Kongo ni wachache waliotajwa kwa wingi kama Anuarite. Kwa kanuni za Kanisa Katoliki yeye bado ni Mwenye Heri, lakini waumini wengi humwita mtakatifu bila kungoja hukumu ya Roma. Makala haya yanakusudia kutenganisha mapisi yake na kisakale chake, kisha kuuliza: kisakale hicho kinamtukuza nani, na kinamwacha nani nje?

Swali hili tunalitazama tukiwa Tunda, Maniema, na mahali hapa si pa kubahatisha. Tunda ni kituo cha misheni ya Kimethodisti, na Wamethodisti hawawaombi watakatifu. Hapa kisa cha Anuarite husikilizwa kama kisa, si kama sala. Tena Maniema ilitoa wapiganaji wengi wa jeshi la Simba, na mji wa Kindu ulikuwa mikononi mwao tangu Julai hadi mapema Novemba 1964. Msikilizaji wa huku aweza kuwa na ndugu katika pande zote mbili za hadithi.

Tuanze na mapisi. Anuarite alizaliwa Wamba mwaka 1939. Aliingia shirika la watawa la Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, akaweka nadhiri mwaka 1959 na kuitwa Marie-Clémentine. Tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka Stanleyville, na siku mbili baadaye wakashuka Paulis, ndiyo Isiro ya leo. Simba walikuwa wameshindwa na wamejaa ghadhabu. Tarehe 29 waliwachukua watawa wa Bafwabaka kwa lori, wakawafikisha Isiro. Huko Kanali Olombe alitaka kumchukua Anuarite kwa nguvu. Alikataa, akapigwa, akachomwa visu, kisha akapigwa risasi, usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba. Mashahidi walisema kwamba kabla ya kufa alimsamehe muuaji wake. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, naye akautamka tena msamaha huo kwa niaba ya Kanisa.

Sasa tutazame kisakale kinavyofanya kazi. Mfano wa kwanza ni jina. Wasimulizi hupenda kueleza kwamba "Anuarite" maana yake ni mwenye kuicheka vita, na hapo hadhira huona utabiri: mtoto alipewa jina la kifo chake tangu utotoni. Kumbe jina hilo lilikuwa la dada yake. Jina lake mwenyewe lilikuwa Nengapeta, ambalo hufasiriwa kuwa mali hudanganya. Alipopelekwa shuleni mtawa aliyeandikisha wanafunzi alimwandika kwa jina la dada, na kosa hilo halikurekebishwa. Kilichogeuzwa kuwa unabii kilianzia katika daftari la shule.

Mfano wa pili ni sanamu ndogo ya Bikira Maria. Yasimuliwa kwamba Anuarite aliichukua siku ya kutekwa, na kwamba mwili wake ulipofukuliwa ulitambuliwa kwayo. Msimulizi huiweka sanamu hiyo mkabala na dawa ya Simba, yale maji ya Mulele yaliyoaminiwa kuzigeuza risasi kuwa maji. Mkabala huu una nguvu ya kisanaa, lakini huficha jambo zito zaidi. Dawa ya Simba ilikuwa na miiko, na mmojawapo ulimkataza mpiganaji kukutana na wanawake. Kwa hiyo kanali alivunja sheria ya jeshi lake mwenyewe. Kisakale kinachomchora Simba kama mnyama tu kinatunyima ukweli huu: kwamba aliyetenda uovu ule alikuwa mtu mwenye mwiko, aliyejua kwamba anauvunja. Kwa msikilizaji wa Maniema tofauti hiyo si ndogo, maana mnyama hahukumiwi wala hasamehewi.

Mfano wa tatu ni umbo la kisa kizima. Mwaka 1950 Kanisa lilimtangaza Maria Goretti wa Italia kuwa mtakatifu: msichana aliyekataa, akachomwa kisu, akasamehe. Umbo hilo lilikwisha kuenea kabla ya 1964, na masimulizi ya Anuarite yameingizwa humo kwa urahisi. Matokeo yake ni kwamba fundisho hubanwa katika sentensi moja: heri kufa kuliko kuchafuliwa.

Hapa ndipo uhakiki hauna budi kusema wazi. Usiku uleule Sista Jean-Baptiste Bokuma naye alitakiwa na kanali, naye alikataa. Alipigwa hadi mkono ukavunjika, lakini akaishi. Ujasiri wake haukupungua kwa sababu hakufa. Hata hivyo, katika masimulizi mengi yeye ni kivuli tu. Maniema imepita katika vita vya 1996 na vya 1998 hadi 2003, ambamo wanawake wengi walibakwa na kubaki hai. Mhubiri anayewasimulia hao kwamba usafi hulindwa kwa kifo huwahukumu, hata kama hakukusudia. Mapisi hayasemi hivyo. Yanasema kwamba mwanamke alilazimishwa, akakataa, na aibu yote ilikuwa ya mwenye silaha.

Hatudai kwamba kisakale kifutwe. Bila wasimulizi, jina la Nengapeta lingebaki katika daftari lile, tena likiwa limekosewa. Tunachodai ni kwamba fanani arudishe vitu vitatu alivyoviacha: jina la kwanza la msichana, mwiko uliovunjwa na muuaji, na dada mwenye mkono uliovunjika. Kikisimuliwa hivyo, kisa hiki chaweza kusikilizwa Tunda na Mmethodisti asiyewaomba watakatifu, na mjukuu wa Simba, na mwanamke aliyenusurika, bila yeyote kati yao kulazimika kutoka nje.