Planar ya Zamani Mbele ya Kihisi Kipya

Shabaha yangu ilikuwa kanga iliyopigwa misumari ukutani, kwa sababu herufi nyeusi juu ya kitambaa cheupe haziionei haya lenzi yoyote. Kamera ilikuwa Hasselblad X1D juu ya tripodi. Kwanza nikaifunga, kwa adapta, Zeiss Planar ya milimita 80 aina ya C, ukoo ulioanza na kamera ya 500C mwaka 1957. Kisha lenzi ya X1D yenyewe, XCD 80 ya f/1.9, iliyotoka 2019.

Kwenye f/2.8 huhitaji miwani. Herufi za Planar zimezungukwa na ukungu mwepesi na uzi wa zambarau. Kwenye XCD unaona nyuzi za kitambaa. Ila hapo Planar imefunguka yote, mwenzake ameshaanza kuziba. Nilipofika f/8, katikati ya picha sikuweza kuzitofautisha mpaka nikasoma majina ya mafaili.

Na Planar ilipendelewa. Ilitengenezewa mraba wa filamu wa milimita 56, kihisi hiki kina 44 kwa 33 tu, kwa hiyo pembe zake, ambako lenzi kuukuu huchoka mapema, hazikuingia kwenye picha. XCD nayo ina msaidizi wake: programu inaitambua, inafuta zambarau na kunyoosha mistari kabla hujaona kitu. Ya Planar niliifuta mwenyewe.

Pengo la kweli lilijitokeza nilipofungua dirisha la upande wa jua. Planar hii ni ya kabla ya T*, ule utando wa tabaka nyingi wa miaka ya 1970, na jua lilipoigonga, weusi wote ukageuka majivu. Nikaikinga kwa gazeti, weusi ukarudi karibu wote. XCD haikuhitaji gazeti.

Picha tatu za mwanzo nilizitupa nikiilaumu lenzi, kumbe fokasi ilikuwa imepita kwa unywele. Pete ya mkono inataka ukuze picha kwenye kioo kila mara.

Dirisha lile lilileta na upepo. Shata iliyomo ndani ya Planar haifanyi kazi kwenye X1D. Kamera hutumia ya kielektroniki, inayosoma picha mstari kwa mstari kwa takriban theluthi ya sekunde. Kanga ilipopepea, herufi zilitoka zimelala upande, kali kabisa, zimepinda kama zimeandikwa ndani ya daladala.