Baiti 256

Nembo ya Nintendo hushuka taratibu kutoka juu ya kioo, husimama katikati, kisha mlio wa noti mbili hulia. Aliyewahi kushika Game Boy hausahau mlio ule. Wengi waliuona kuwa ni salamu tu, kumbe nyuma yake kuna kazi ya mikono iliyostahili sifa zaidi ya ilizopata.

Game Boy, mashine ya michezo ya mkononi ya Nintendo, ilianza kuuzwa Japani tarehe 21 Aprili 1989. Ndani ya chipu ya prosesa yake imefichwa programu ya kuiwasha, yenye baiti 256 basi. Humo imo kazi ya kusafisha kumbukumbu ya picha, kuandaa sauti, kuchora nembo na kuikagua kaseti ya mchezo.

Nembo inayoonekana haitoki ndani ya mashine. Imo kwenye kaseti, baiti 48. Ikishachorwa, programu huilinganisha na nakala iliyo ndani yake, baiti kwa baiti. Ikitofautiana hata moja, mashine huganda. Ndiyo maana kaseti yenye vumbi ilileta nembo iliyovurugika, na mashine isiyo na kaseti ilishusha mstatili mweusi ikaishia hapo. Mtengenezaji asiye na kibali cha Nintendo alilazimika kubandika nembo ya wenyewe ndani ya mchezo wake ili uwake, na hapo angeweza kushtakiwa. Walitokea wajanja waliong'amua kwamba nembo husomwa mara mbili, wakaonyesha yao kwanza na ile halisi wakati wa ukaguzi. Hata hivyo, kwa nafasi finyu kiasi hicho, nani angedai zaidi?

Ninachokihusudu mno ni mwisho wake. Amri ya mwisho imekaa kwenye baiti mbili za mwisho kabisa, na kazi yake ni kuiondoa programu yenyewe machoni pa prosesa mpaka mashine izimwe. Prosesa ikisonga hatua moja tu, tayari iko mlangoni mwa mchezo. Hakuna amri ya kuruka, wala baiti iliyosalia. Bawabu amefungua lango, akatoweka na funguo zake. Ilibidi mwaka 2003 mtu aipasue chipu na kuzisoma biti zake kwa hadubini ndipo siri ikajulikana.

Leo mara nyingi mchezo huuzwa haujaiva, na mnunuzi hungoja marekebisho yashuke kwa intaneti kabla hajacheza. Mazoea hayo hayasaidii pale programu inapochomwa ndani ya chipu. Mwaka 2018 ilibainika kwamba programu ya kuwasha Nintendo Switch haikukagua sawasawa urefu wa data iliyoombwa kupitia USB. Wadukuzi wakapenya, na mashine zilizokwisha kuuzwa hazikuweza kurekebishwa.

Walimu wa kompyuta, wapeni wanafunzi wenu baiti zile 256 wazisome amri kwa amri. Jioni moja inatosha.