Mkanda Usiosamehe

Vitabu vinavyosifiwa sana kuhusu kutengeneza vyombo vya moto vina tabia moja: vinaanza kwenye spana na kuishia kwenye nafsi. Mtu analegeza nati, na kurasa chache baadaye anatafuta maana ya maisha. Sina ugomvi na safari hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba fundi huachwa kituoni.

Mwaka huu nimesoma vitatu kati ya vitabu hivyo kwa sababu ambayo haikuwa ya kifasihi hata kidogo. Nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 2002, na umri wake ulikuwa umefika wa kubadilishwa mkanda wa taimingi. Kwa mkazi wa Dar es Salaam kazi hiyo haikamiliki bila kwenda Gerezani, kwenye maduka ya spea pembeni mwa soko la Kariakoo. Nikajikuta nasoma usiku na kuzunguka madukani mchana, na kila kitabu nikakiuliza swali moja: ungemfaa nini mtu aliyesimama hapa kaunta, mkanda wa zamani umefungwa kwenye gazeti, akiulizwa namba ya chesisi?

Kwanza gari lenyewe. Injini yake, EJ20, ilizaliwa mwaka 1989, na Subaru wakaiaga mwaka 2019 kwa toleo la mwisho la magari 555. Katikati ya miaka hiyo thelathini Impreza ilishinda Safari Rally ya Kenya, kwa mfano mikononi mwa Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Ndiyo maana kijana wa Dar au Nairobi bado hugeuza shingo likipita linanguruma. Siku hizi gari hilo linanunulika. Lakini gari la mbio likizeeka kinachoshuka ni bei ya kulinunua. Gharama ya kulitunza haishuki.

Mkanda wa taimingi ni mpira wenye meno unaounganisha krenki na kamshafti nne, na njiani unazungusha wota pampu. Kazi yake ni kuhakikisha vali zinafunguka na kufunga kwa wakati, kabla pistoni haijafika. Katika injini hii mkanda ukikatika, au ukiruka meno, pistoni zinakutana na vali zilizo wazi na vali zinapinda. Mara nyingi hakuna onyo la maana wala moshi wa kuaga. Kiwanda kinataka ubadilishwe kila kilomita 100,000. Fundi makini hubadilisha pamoja nao tensheni inayoukaza, beringi zinazouongoza, wota pampu na sili za oili za mbele, maana kufungua ni kulekule, na beringi moja chakavu ikigoma huondoka na mkanda mpya.

Sasa vitabu.

Robert Pirsig alichapisha Zen and the Art of Motorcycle Maintenance mwaka 1974, baada ya kukataliwa na wachapishaji 121. Ni safari ya baba na mwanawe kwa pikipiki kutoka Minnesota hadi California, na ndani yake ni falsafa ya ubora. Watu hukumbuka falsafa. Mimi nilisimama kwenye chanzo cha hasira yake: pikipiki iliyopelekwa gereji, vijana wa gereji wakifungulia redio na kucheka huku wakigonga nyundo pasipostahili, na mwishowe tatizo likaonekana kuwa pini ndogo ambayo hawakuitafuta. Pirsig anawaona kama watazamaji wa kazi yao wenyewe. Uamuzi wake ni kujitengenezea mwenyewe, na kitabu chote kimejengwa juu ya uamuzi huo. Mtu mmoja, chombo kimoja, daftari moja.

Sehemu inayopendwa sana ni ile ya kopo la bia. Rafiki yake John ana BMW mpya ambayo usukani wake unalegea. Pirsig anamwambia akate kipande cha kopo la bia la alumini, akizungushie pale panapolegea, abane. John anachukia. BMW yake itibiwe kwa kopo! Msomaji anatakiwa kumcheka John, na Gerezani angechekwa zaidi, maana hapa kipande cha kopo au cha tyubu ni sehemu ya dawa za kila siku.

Lakini hapo ndipo kitabu kinapopungua. Kopo la bia linafaa kwa sababu usukani uliolegea unasamehe. Ukikosea, unalegea tena, unakata kopo jingine. Mkanda wa taimingi hausamehi. Hakuna kopo, hakuna tyubu, hakuna ujanja utakaochukua nafasi ya meno yaliyokatwa kwa kipimo chake. Ufundi una mikoa miwili, ule unaosamehe na ule usiosamehe, na fundi mzuri anajulikana kwa kujua mpaka ulipo. Pirsig, kwa mapenzi yake kwa kopo, haukazii macho mpaka huo. Kuna makala nyingi za wageni kuhusu gereji zetu zenye upungufu uleule: husifu ubunifu wa fundi wa Kiafrika anayefufua gari kwa waya na ndara, kana kwamba hatuna kazi zinazohitaji kufuata maelekezo neno kwa neno. Sifa hiyo ina sumu. Inamwambia fundi kwamba ubora wake ni kubahatisha.

Nilimtazama fundi wangu akifanya kazi ya mkoa wa pili. Tensheni aliibana kwenye jiriwa ikiwa imesimama wima, polepole, kwa dakika kadhaa, kisha akaichomeka pini nyembamba. Kamshafti za upande wa kushoto aliziendea kama mtu anayemkaribia nyoka, kwa sababu katika injini hii springi za vali huzisukuma, na mkanda ukishatoka zinaweza kuruka na kuharibu kilekile unachokilinda. Alioanisha mistari iliyochapwa mgongoni mwa mkanda na alama za kila puli, akazungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili, akakagua upya. Redio ilikuwa inapiga taarabu muda wote. Pirsig angeondoka na pikipiki yake.

Kitabu cha pili ni cha Matthew Crawford, Shop Class as Soulcraft, cha mwaka 2009. Crawford ana shahada ya uzamivu ya falsafa ya siasa kutoka Chuo Kikuu cha Chicago, akaacha kazi ya mezani na kufungua gereji ya pikipiki Richmond, Virginia. Yeye ni fundi kweli, na sura yake bora inahusu pesa. Yuko na Honda Magna ya mwaka 1983, anachimbua sili ya oili inayovuja kwa sababu udadisi umemshika, kisha anajiuliza ni saa ngapi kati ya hizo ana haki ya kumdai mwenye pikipiki. Hapo nilihisi niko kwenye benchi la gereji yetu. Ufundi unakuwa uhusiano kati ya watu wawili, mmoja anajua na mwingine analipa bila kuona.

Hata hivyo Crawford ana anasa moja asiyoiona: anaweza kuiamini spea. Akiagiza sili, inayokuja ni sili. Gerezani swali la kwanza ni la uhakiki. Boksi lina nembo sahihi, bei imeshushwa kidogo tu ili isitie shaka, na muuzaji anakula kiapo. Katika duka moja fundi aliutoa mkanda kwenye boksi, akausoma mgongoni, akauweka sambamba na ule wa zamani, akahesabu meno kwa ukucha, akanusa. Kisha akaurudisha taratibu.

“Boksi la kweli, mdogo wangu. Mkanda wa uongo.”

Winga aliyetuleta akataka kubisha. Fundi akamwonyesha maandishi: wino ulikuwa unafutika kwa kidole. Hakuna neno jingine lililohitajika. Sisi tuliosoma fasihi chuoni tunafundishwa kuhakiki matini, kulinganisha nakala, kugundua mkono wa mwigaji. Pale kaunta niliona kazi hiyohiyo ikifanywa na mtu ambaye akikosea, vali kumi na sita zinalipia.

Na kulikuwa na matini nyingine, fupi kuliko zote. Fundi alipotoa kava la mkanda alikuta stika ndogo ya Kijapani. Gereji za Japani huwa na desturi hiyo: wakibadilisha mkanda, wanabandika kumbukumbu. Maandishi hatukuyajua, tarakimu tulizijua: 19, na 98,400. Simu ilitafsiri yaliyobaki. Ile 19 ni mwaka wa 19 wa enzi ya Heisei, yaani 2007. Mkanda ulibadilishwa gari likiwa limetembea kilomita 98,400.

Tatizo ni kwamba gari hilo lilishuka bandarini, miaka mingi baada ya 2007, dashibodi ikisoma kilomita 87,000.

Katika riwaya tungemwita huyo msimulizi asiyeaminika. Mtu fulani, mahali fulani kati ya Japani na Dar, aliirudisha hesabu nyuma, na dashibodi imekuwa ikisema uongo kwa sauti ya upole tangu hapo. Stika, iliyofichwa gizani nyuma ya kava, ilisema kweli. Ndipo maneno “kila kilomita 100,000” yanapokosa maana. Ratiba ya kiwanda inadhani gari lina wasifu unaojulikana, kuanzia siku ya kwanza. Magari yetu mengi huja kwetu na wasifu uliochanwa kurasa za mwanzo. Pirsig anaijua pikipiki yake tangu zamani. Fundi wa Dar anakutana na mgonjwa mtu mzima asiye na faili, na anaanza kwa kusikiliza.

Usikilizaji huo ndio ameuandika Joshua Grace katika African Motors, cha mwaka 2021. Grace ni mwanahistoria wa Kimarekani, na kitabu chake kinafuatilia magari Tanzania tangu enzi za kutembea kwa miguu na upagazi. Anayejua kwamba jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ataelewa kwa nini mwanzo huo unafaa. Anaingia katika gereji za mitaani, zile tunazoziita gereji bubu, na kuonyesha kuwa fundi hujifunza kwa sikio, pua na ncha za vidole, chini ya fundi mkubwa, kwa miaka. Hoja yake ni kwamba gari halikuletwa tu likatumika. Lilitengenezwa upya hapa, na watu wa hapa. Kati ya vitabu vitatu ni hiki pekee kilichomrudisha fundi ndani ya safari.

Lawama yangu kwake ni ndogo, na kwetu ni kubwa. Kitabu kinachohusu maarifa ya mafundi wetu kimeandikwa kwa Kiingereza cha chuo kikuu. Fundi wangu hawezi kukisoma ili aseme “hapa umenipata” au “hapa umenikosa”. Na sisi tunaoandika Kiswahili tumefanya nini? Shaaban Robert alimpa mkulima riwaya nzima, Utubora Mkulima. Elvis Musiba alimtuma Willy Gamba akimbizane na maadui wa taifa. Anayebaki gereji gari likishaharibika hajapata mwandishi wake. Wakati huohuo lugha ya gereji imeiva kuliko lugha yetu sisi wa majarida: gari linakula oili, linachemsha, linamisi, linanoki, injini inakufa na kufufuliwa. Sarufi yake yote inachukulia kwamba chombo ni kiumbe chenye tumbo, homa na ajali yake.

Hilo si suala la kuremba fasihi. Kumbukumbu ya gereji inakaa kichwani mwa fundi. Anajua gari la nani lilibadilishwa nini na lini, spea ya duka gani ilirudi baada ya mwezi, injini ipi ina kamshafti zinazoruka. Akihama, akiugua, akifariki, maktaba imeondoka. Kijana anayefuata anaanza upya, na gharama ya kuanza upya inalipwa na injini ya mtu. Tukiendelea kuuimba ufundi kama kipaji bila kuuandika kama maarifa, tunashiriki kuufuta.

Mapendekezo yangu hayahitaji ruzuku. Mwandishi kijana anayetafuta mada akae gereji moja kwa mwezi, aandike kazi moja tangu kava linafunguliwa hadi injini inawashwa, kwa maneno ya pale, kwa usahihi kiasi kwamba fundi mwingine angeweza kuifuata. Akihisi kuongeza falsafa, asubiri hadi gari liwake.

Mfano wa mtindo upo. Kazi ilipoisha, fundi alichukua kalamu ya wino mzito na kuandika juu ya kava jipya, chini ya stika ya Kijapani: tarehe, jina lake, “mkanda, tensheni, beringi, wota pampu, sili”. Alipofika kwenye kilomita alisita kidogo, akachungulia ndani ya gari, akaandika: “dashibodi inasema 121,300”.