Wali, Betri na Mapenzi

Jina la Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyofunguliwa mashariki ya Kampala mwaka 1955, limegeuka dhihaka vinywani mwa watu. Wawili wakigombana, mmoja humwambia mwenziwe arudi Butabika, na wasikiao hucheka. Ndiyo maana tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu filamu ya Korea ya Kusini ambayo mapenzi yake huzaliwa ndani ya hospitali ya namna hiyo. Filamu yenyewe ni I'm a Cyborg, But That's OK ya Park Chan-wook, iliyotolewa mwaka 2006 na kupata Tuzo ya Alfred Bauer katika tamasha la Berlin mwaka 2007.

Young-goon, msichana wa kiwanda cha redio, aamini kuwa yeye ni mashine. Wali haugusi, hulamba betri ili apate nguvu. Huvaa meno ya bandia ya bibi yake, akaongea na taa. Bibi huyo alijiona panya, akala figili tu, hata akachukuliwa na watu wa hospitali. Mjukuu ataka kulipiza kisasi kwa madaktari, ila huruma yamzuia. Basi amwendea Il-soon, mgonjwa asifikaye kwa kuiba tabia za watu, amwombe amwibie huruma hiyo. Il-soon aiba, na tangu hapo yeye ndiye aumiaye kwa ajili ya msichana.

Kilele cha filamu, kwa maoni yetu, ni sahani ya wali. Young-goon akonda mno. Madaktari wamtia umeme kichwani, naye, kwa kuwa ni mashine, aona amejazwa nguvu za vita! Il-soon hamkemei wala hamsahihishi. Amwambia kwamba amebuni chombo cha kugeuza wali kuwa umeme, ajifanya kumfungua mgongo na kukipachika humo, tena ampa dhamana ya maisha. Msichana ala.

Wako watakaosema kwamba kijana amemdanganya mgonjwa. Hatukubali. Katika hospitali nyingi za Uganda jamaa ndio wampikiao mgonjwa, na kila aliyepata kuuguza ajua kwamba chakula hakiliki kwa hoja. Huliwa kwa maneno ambayo mgonjwa mwenyewe ayaelewa. Il-soon amejifunza sarufi ya ulimwengu wa mpenzi wake, akatunga sentensi moja iliyo sahihi ndani yake. Sisi tufundishao lugha tuna haki ya kumwonea wivu.

Si kwamba filamu haina kasoro. Wagonjwa wengine wamefanywa vikaragosi wa kuchekesha, na mauaji ya kuwaziwa yamerefushwa kupita kiasi. Hata hivyo twaipendekeza kwa madarasa ya juu, kwa zoezi hili: mwanafunzi aisimulie hadithi nzima bila kutumia neno “kichaa”. Atalazimika kutafuta: mgonjwa, mwenye wazimu, mwendawazimu. Hili la mwisho na alichambue kwa makini, kwani ndani yake mna kitenzi “kwenda”, na aulizwe kama katika lugha yetu aendaye hawezi kurudi.